Ufunguo wa Pili wa Sanduku la Spana

Pikapu yangu ilikuwa mali yangu kuanzia kwenye usukani mpaka kwenye kioo cha nyuma. Kuanzia hapo kwenda nyuma ilikuwa mali ya kila mtu aliyesimama barabarani akainua mkono. Sikulalamika sana, maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu anayepita kijiji cha Ulaya, huku kwetu Kilosa, siku ya gulio na gari tupu, huku kina mama wamebeba magunia kichwani, huyo hata kwao watamkana. Ila mimi nilikuwa fundi wa mashine za kusaga, sikuwa mchukuzi, na zana zangu zilikaa kwenye sanduku la mbao nyuma ya kioo. Kila nilipozihitaji zilikuwa chini ya mchele, chini ya mbuzi na chini ya bibi wa mtu.

Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya shamba la mkonge, hapohapo Kilosa. Baba yangu aliletwa kutoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akanizaa huku na akazikwa huku. Shamba lilipodorora tukapunguzwa kazini, tukapewa mkono wa kwaheri, na mimi wangu nikaugeuza pikapu ya Kijapani iliyotumika, yenye maandishi mlangoni ambayo abiria walibishana maana yake miaka yote bila kupata jibu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria. Kila mwenye akiba alitaka kuweka mashine ya kusaga, na mashine zikaota kama uyoga: Zombo, Ulaya, Kidodi, mpaka kwenye vijiji ambavyo baiskeli ilipita kwa kusukumwa. Nami nikazifuata.

Kiuno changu kiliharibika Zombo. Tulikuwa tunanyanyua gurudumu zito la injini, mimi upande huu na mwenye mashine upande ule. Tulipofika usawa wa kifua, mama mkwe wake akatokea mlangoni. Bwana yule alikuwa na adabu zake. Aliachia chuma, akachuchumaa, akasema shikamoo mama. Mama akaitika marahaba, akauliza habari za watoto, na uzito wote wa gurudumu ukawa wangu. Leo nacheka. Siku ile nilisikia kitu kimekatika chini ya mgongo kama mkanda wa mashine, na nikaendesha mpaka nyumbani nimeuma kola ya shati.

Daktari aliniambia pingili zimesogea, na kwamba kuanzia siku hiyo nisiiname kuvuta kitu kizito. Nilimwambia mke wangu peke yake. Yeye ndiye aliyenifunga kanga kiunoni kila asubuhi, akaikaza, juu yake nikavaa shati na ovaroli. Sikumwambia mtu mwingine yeyote kwa sababu moja. Fundi anayejulikana ana kiuno kibovu haitwi tena. Wakati ule walikuwa wameshaingia mafundi vijana wenye pikipiki, wepesi kama swala, na mwenye mashine angeniamkia vizuri kabisa kisha akamwita mwingine. Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nikaamua kwamba kiuno changu kitabaki kati yangu na ile kanga.

Basi nikawa mkali. Njiani kwenda Ulaya mkanda wa feni ulikatika, nikashusha watu kumi na nne, mbuzi wawili na magunia, ili nifike kwenye sanduku. Ningeweza kuomba. Badala yake nilisimama nimeshika kiuno kama askari, nikafoka: wewe shuka, wewe toa hicho, wewe vuta hilo sanduku, mnadhani gari hili ni la serikali? Walifanya kwa haraka na kwa chuki. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwenye gari hagusi kitu. Barabara nzima ile nilijulikana kama fundi mkali, na nilikubali jina hilo kwa sababu lilinifichia jambo baya zaidi.

Sanduku la kuzunguka nililiona kwanza Mikumi, kwenye kituo cha mafuta. Ilisimama pikapu nyeupe ya mradi fulani wa wageni. Dereva wake akashusha mlango wa nyuma, akabonyeza kitu, na kutoka kwenye kona ya bodi likazunguka sanduku zima, likatoka nje kama mlango wa kabati, likasimama hewani mbele ya tumbo lake. Mizigo yote ilikuwa bado imepakiwa. Hakuinama, hakupanda, hakumshusha mtu. Alichukua spana, akakaza nati ya betri, akalisukuma sanduku kwa kiwiko likarudi mahali pake. Nilimwomba alifungue tena. Akalifungua. Nikamwomba mara ya tatu, akaniuliza kama nimewahi kuona mlango.

Sikulala vizuri kwa kulifikiria. Unaweza kudhani ni upuuzi, mtu mzima kutamani sanduku. Lakini mimi niliona miaka kumi ya kazi ndani yake.

Duka moja la vipuri pale Mikumi, kando ya barabara kuu, lilikuwa nalo moja, la plastiki nyeusi, limekuja na kontena la mchanganyiko. Mwenye duka alilisifu kama anamwozesha binti. Nililizungusha, nikaligonga kwa kidole, nikalilalia kwa kiwiko likabonyea. Nikafikiria vumbi la Zombo linavyoingia hata kwenye yai bichi. Nikafikiria jua la saa nane. Halafu nikaona kasoro kubwa zaidi: lilikuwa la ubavu wa kulia. Huko lilikotengenezwa magari hupita upande mwingine, kwa hiyo kulia kwao ndiko majanini. Kwetu kulia ni katikati ya barabara. Ukiharibikiwa njia ya Kidodi, sanduku lingezungukia moja kwa moja kwenye malori ya miwa, na wewe nyuma yake. Mwenye duka akasema nitazoea. Nilimwambia malori ndiyo hayatazoea.

Ilibaki njia moja tu, ambayo nilikuwa naikwepa makusudi. Nayo ilikuwa mtani wangu.

Mtani wangu alikuwa Msagara, mchomeleaji, na kibanda chake kilikuwa karibu na reli pale Kilosa mjini. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, wakati babu zetu walipokuwa wanapita na mizigo kichwani na babu zao wanatuuzia chakula huku wakitucheka. Kwa hiyo yeye aliweza kuniambia lolote. Alinisalimia kwa matusi, aliweza kula chakula changu bila kuombwa, na mimi sikuruhusiwa kukasirika, maana anayekasirika kwenye utani ameshindwa. Fundi mzuri kuliko yeye hapakuwa. Ila nilijua macho yake. Mtu anayetafuta cha kukucheka kila siku anakutazama kwa makini kuliko daktari, na akishagundua, mji mzima unajua kabla ya adhuhuri.

Hata hivyo nilikwenda. Nilimweleza ninachotaka, nikamwambia sababu ni abiria wasumbufu.

"Kumbe Mnyamwezi siku hizi amechoka mizigo," alisema. "Babu yako alitembea nayo mpaka pwani, wewe unataka ikufuate yenyewe."

"Unatengeneza au hutengenezi?"

"Natengeneza. Mtani akitaka kiti cha enzi nampa, mradi aache kunukia dizeli."

Bati nene alilipata kwenye mabaki ya kitoroli cha mkonge. Nguzo ya kuzungukia alitumia bomba la chuma, na ndani yake akaingiza pini ya trekta pamoja na bushi zake, akaweka na tundu la kupigia grisi. Sanduku lenyewe lilikuwa refu, jembamba, lenye vyumba vitatu, na lilikaa kwenye kona ya kushoto nyuma ya tairi. Mlango wa nyuma ukishushwa, magunia yangemwagika, kwa hiyo akachomelea ufito wa chuma wa kuyazuia. Siku tuliyolifunga lilizunguka kwa kidole kimoja. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Safari ya kwanza yenye mzigo, sanduku likagoma. Nilikuwa Kidodi, gari limejaa, na pini imekaza kana kwamba imechomelewa. Nikarudi kwenye kushusha watu na kufoka. Siku ya pili nilifika kibandani nikiwa nawaka moto.

Mtani alizunguka gari mara mbili, akalala chini kutazama springi, akainuka anacheka.

"Tulipima gari likiwa na njaa," akasema. "Likishiba tumbo linashuka na mbavu zinapanuka. Leo tutapima likiwa limeshiba."

Nilidhani atapakia mchanga. Akasema mchanga umetulia mno, mzigo wa Kilosa hautulii. Akatoka nje na kuanza kuita watu. Akaja mama muuza vitumbua na beseni lake. Wakaja wabeba mizigo watatu wa stesheni, mzee mwenye redio, kina mama wawili waliokuwa wanapita na kuku, na mshonaji wa jirani aliyeacha cherehani wazi. Wote wakapanda. "Tunakwenda wapi?" aliuliza mzee. "Hamwendi popote," mtani akamjibu, na mzee akaona ni sawa, akafungulia redio yake. Watu wakakaa wanavyokaa siku zote, wengine juu ya wengine, miguu ikining'inia. Bodi ikashuka. Mtani akachora kwa chaki, akakata, akapitisha tupa kwenye bushi, akawaambia wajisogeze huku, wajisogeze kule, huku kuku wanapiga kelele na mama wa vitumbua anauza. Kazi ilichukua karibu saa nzima na hakuna aliyeshuka.

Katikati ya shughuli hiyo akaniita. "Simama hapa nyuma. Nyoosha mkono kama unachukua jeki."

Nikanyoosha. Akachukua kipande cha nondo, akakisimamisha ardhini, akaweka alama ya chaki usawa wa kiwiko changu.

"Unanipimia sanda?"

"Mnyamwezi hapimiwi sanda. Anafungwa kwenye mzigo wake anaachwa njiani."

Bodi nzima ikaangua kicheko. Yeye akaenda kuchomelea trei upande wa nje wa sanduku, kwenye alama ileile. "Vizito weka hapa," akasema, bila kunitazama. Nilimwambia hajui kazi. Karakanani tulifundishwa kwamba kizito kinakaa chini na chepesi juu, ili kitu kisipinduke. Akasema karakana yenyewe imeshafungwa. Moyoni niliapa jeki yangu itakaa chini.

Tulipomaliza, sanduku lilizunguka huku watu wanane wamekaa ndani ya gari. Walipiga makofi. Halafu mmoja wa wale kina mama wenye kuku akasema kwamba kwa kuwa ameshakaa, apelekwe tu sokoni. Wenzake wakaona ni hoja nzuri. Niliwazungusha mji mzima.

Kufuli lilikuwa na funguo mbili. Niliporudi, mtani alikuwa ameshaning'iniza mmoja kwenye mkanda wa suruali yake.

"Huu wangu. Mtani hafungiwi mlango."

Ndiyo desturi, nikamwachia. Na sanduku, kwa haki yote, liliniokoa. Miaka iliyofuata nilifanya kazi kama mtu mzima wa viungo. Nilisimama wima nyuma ya gari, nikalivuta kwa kidole, nikachukua nilichotaka. Wenye mashine walitoka kuliangalia. Wengine waliniita kwa sababu ya sanduku tu, nadhani, kwa maana fundi mwenye chombo kama hicho lazima atakuwa anajua kazi. Mafundi wa pikipiki walibeba spana kwenye mifuko ya salfeti. Kidogokidogo nikaanza kupunguza kufoka, ingawa sifa ya ukali haifutiki haraka.

Jambo moja tu lilinikera. Kila nilipoegesha Kilosa, nikienda sokoni au msibani au kwenye kahawa, nilirudi na kukuta zana zimehamishwa. Mimi niliweka jeki chini. Nilikuta jeki iko juu, kwenye trei. Nyundo kubwa, pula ya kuvutia magurudumu, spana ya bomba, vyote viko kwenye trei, na chini kabisa kwenye vyumba vyangu vya vitu vizito kumejaa spana ndogo, misumari na makaratasi ya msasa. Juu ya yote kumewekwa gunzi la muhindi, kama sahihi. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Nikaegesha tena wiki iliyofuata. Nikakuta gunzi.

"Huna kazi?" nilimuuliza.

"Mnyamwezi hajui kupanga," alisema. "Amezoea kubeba kichwani, huko hakuna juu wala chini."

Nilichukulia ni utani, na utani huvumiliwa. Ila siku moja niliitwa Zombo kwa haraka, mashine imesimama na foleni ya watu wana mahindi, na kila nilichokitafuta hakikuwa pale nilipokiweka. Niliaibika mbele ya watu. Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kibandani na kumkuta na wateja wawili.

"Nipe ufunguo wangu," nilisema.

Akacheka. Nikapiga meza. Nikasema sitaki mchezo, kuna watu tunaofanya kazi, na kuna watu wanaoshinda kwenye magari ya wenzao kama panya. Wale wateja wakatazama chini. Nilikuwa nimekasirika kweli, kwa sauti, na kila mtu pale alijua maana yake: nilikuwa nimevunja utani. Mtani hakukasirika. Alishusha kioo chake cha kuchomelea, akasema kutokea nyuma yake, taratibu:

"Ukiutaka, uje uuchukue msibani kwangu."

Tulipatana, kama watani wanavyopatana, kwa yeye kuja kula chakula changu siku ya pili bila kuitwa. Ufunguo alibaki nao. Gunzi likaendelea. Sikumwomba msamaha, kwa sababu kwenye utani hakuna kuombana msamaha, na kwa sababu nilidhani mimi ndiye niliyekosewa.

Alikufa kwa homa ya siku chache. Wiki hiyo nilikuwa Kidodi kwenye mashine iliyovunjika kishikio, nimechukuliwa na lori la mwenye mashine lenye zana zake, pikapu nimeiacha Kilosa, na niliporudi nikakuta turubai limeshafungwa nje ya nyumba yake. Kwao ni Ulaya, na ilibidi akazikwe kwao siku hiyohiyo. Hapakuwa na mjadala wa gari. Walilipakia jeneza kwenye bodi yangu, wanaume wakakaa pande zote mbili wakishikilia, na kwenye kona ya kushoto, kichwani pake, lilikaa lile sanduku alilolitengeneza mwenyewe.

Mimi nilikuwa dereva, lakini kabla ya udereva nilikuwa mtani, na mtani ana kazi yake. Jeneza la mtani haliondoki hivihivi. Lazima mtu wa upande wa pili alizuie, alitukane kidogo, apewe kikombozi ili aliachie, ndipo waliofiwa wacheke mara moja kabla ya kaburi. Wanyamwezi wengine mjini walikuwepo, ila wote walinitazama mimi. Nikawasha gari, nikaliacha linaunguruma, nikashuka, nikaenda mbele yake na kulala chali barabarani.

Watu wakapasuka kwa kicheko. Anazuia gari lake mwenyewe! Nikapiga kelele kwamba huyu Msagara haendi popote, ana mali yangu, ameniibia miaka sita, arudishe kwanza. Nilisema mengi. Nilisema amekufa makusudi ili akwepe kazi. Walinijibu, wakanitukana na mababu zangu wote, na kwa muda mfupi msiba ule ulikuwa kama alivyokuwa yeye.

Kisha nikataka kuinuka, kiuno kikakataa.

Kanga ilikuwa imelegea nilipolala. Nilijaribu tena na maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno. Wao walizidi kucheka, wakidhani nakaza mchezo nipate kikombozi kinono. Mmoja akanisogeza mguu kwa mguu wake. Mwingine akasema akanyagwe tu. Nilitazama mbingu jasho likinitoka, nikajua kwamba muda si mrefu kicheko kitakwisha, watauliza, na mbele ya mji mzima, mbele ya wenye mashine niliowaona pale kwa macho yangu, nitanyanyuliwa kama gunia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Kifo kilichokuja kuniumbua hakikuwa hata changu.

Akatokea dada yake mkubwa. Alikuwa mama mtu mzima, amejifunga kanga mbili, macho yamevimba kwa kulia. Watu wakampisha. "Shikamoo, dada," nilisema nikiwa chini, kwa maana hata pale adabu ni adabu.

"Marahaba," akasema kwa sauti ya watu wote. "Mnyamwezi mvivu, umekuja msibani kulala?"

Kicheko kikapanda tena. Chini ya kicheko hicho akainama, akawa kama ananivuta sikio, na akaninong'oneza.

"Usiinuke haraka. Geuka ubavu kwanza, kunja magoti, uniegemee. Mdogo wangu aliniambia hali yako tangu siku mliyopima sanduku. Alisema nisimwambie mtu."

Nikageuka ubavu. Akaniegemeza begani kwake huku ananitukana kwa sauti kubwa kwamba mimi ni mzito kama deni la mkoloni, na watu wote wakaona mwanamke wa Kisagara anamburuza Mnyamwezi, jambo la kuchekesha kabisa. Hakuna aliyeona kitu kingine. Niliposimama alinikamata mkono, akaufumbua, akaweka ufunguo.

"Kikombozi chako. Alikuwa nao mfukoni mpaka hospitali."

Nilipanda garini. Sikumbuki vizuri njia ya kwenda Ulaya, na ni njia ninayoijua kuliko kiganja changu. Nakumbuka kwamba niliendesha polepole kwenye makorongo, na kwamba nyuma walikuwa wanasoma dua. Tangu siku ya sanduku! Mtu ambaye alinicheka kwa viatu vyangu, kwa pua ya baba yangu, kwa namna ninavyokula ugali. Mtu aliyeruhusiwa kusema lolote juu yangu mbele ya yeyote, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na kitu kinono kuliko vyote alivyowahi kupata, na hakukitumia hata siku moja. Hata siku niliyomwita panya.

Tulipomaliza kuzika nilikwenda nyuma ya gari peke yangu, nikafungua kwa ule ufunguo wa pili. Sanduku lilizunguka likasimama mbele yangu. Kabla ya kuugua alikuwa ameshapita hapa na ufunguo wake. Jeki ilikuwa kwenye trei. Nyundo kubwa kwenye trei, pula kwenye trei, spana ya bomba pia. Kila kitu ambacho mtu angelazimika kuinama kukivuta kilikuwa usawa wa kiwiko changu, kwenye alama ya chaki, na juu yake gunzi. Nililia pale, nikiwa nimeshikilia mlango wa sanduku, na watu waliopita walidhani nalia kama watu wanavyolia msibani.

Ungedhani basi nilijifunza. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake, na wangu ulifundishwa karakanani. Majuma machache baadaye nilipata pancha njia ya Kidodi, gari limejaa, malori ya miwa yanapita yakitutikisa. Nilishusha mlango wa nyuma, nikalivuta sanduku kwa kidole, nikanyoosha mkono kwenye trei bila kutazama. Palikuwa patupu. Jeki ilikuwa chini kabisa, palepale nilipoitupa mimi.

Abiria walikuwa wameshaanza kukunja nyuso, wakingoja nifoke. Nilibaki nimenyoosha mkono kwenye trei tupu, mpaka mama mmoja aliyekaa karibu na ufito akaniuliza kuna nini.

"Naomba unitolee hiyo jeki, mama," nilimwambia. "Mimi kiuno changu ni kibovu."